Matofali Chini ya Zahanati

Aliposhuka kwenye gari asubuhi ile pale Mchombe, Odilia hakuliona jengo alilolisanifu. Aliona zahanati iliyochuchumaa. Nafasi yote kati ya nguzo zilizoinua sakafu, aliyoiacha ili maji ya masika yapite chini, ilikuwa imezibwa kwa matofali ya kuchoma na kupakwa chokaa.

Magazeti ya Dar es Salaam yalimsifu msanifu huyu kwa jambo hilo hilo: majengo yake husimama kama mama aliyepandisha kanga avuke mto. Waandishi hawakujua kwamba aliuona ufundi huo utotoni, kwenye madungu, vile vibanda vya miguu mirefu vya kulindia mpunga, hapa hapa bondeni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia Mzee Ponsiano, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, uso umemchanua. "Tumekusitiri. Mgeni rasmi wa uzinduzi anafika saa nne. Angeikuta ile miguu wazi, angesema tumejengewa dungu."

"Ni dungu, mjomba. Dungu la kuzalia."

"Usiseme hivyo mbele za watu!"

Hasira ilimpanda Odilia, na uchungu pia, maana walifanya kwa mapenzi. Kamati nzima, iliyosimama pale pamoja na wanawake wa kijiji, ilishinda wiki ikibeba matofali kichwani. Angeweza kunyamaza, akapigwa picha, akarudi zake Dar na sifa zake. Lakini mto ukifurika, maji yangeusukuma ukuta ule mpaka nguzo zing'oke, na juu yake wamelala akina mama waliojifungua.

"Nipeni mtaimbo."

"Odilia, utaniaibisha. Mimi ni ndugu wa mama yako."

"Nitakuaibisha, mjomba. Utanisamehe kesho."

Hakuna aliyesogea. Akauchukua mwenyewe kwenye rundo la vifaa, akavua viatu vyake vya mjini, akapiga. Tofali la kwanza liligoma. La tatu likaanguka. Sikitu, mkunga aliyewapokea nusu ya watoto wa kijiji, akajifunga kanga kiunoni akaanza kuyaondoa yaliyoanguka. Wanawake wengine wakapanga mstari nyuma yake. Ponsiano aliwapa mgongo, akatazama barabara ya Ifakara.

Saa nne gari likasimama. Mgeni rasmi alimkuta msanifu mashuhuri amejaa vumbi mpaka kwenye kope.

"Hili ndilo jengo ninalolizindua?"

"Ndilo, mheshimiwa, ila halijakwisha," akasema Odilia, akiinua tena mtaimbo. "Bado tunabomoa. Sogea kidogo, yasikuangukie."