Kiptum Anasema Yuko Sawa

Kiptum yuko hai. Naanza na hilo kwa sababu hadithi za kushika watu roho sizipendi. Za kazini zinanitosha.

Kazi yangu ni kuwatoa melini mabaharia walioumia. Naifanya kutoka hapa Milimani, Nakuru, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, na bahari yenyewe siioni hata ndotoni. Meli ikipata majeruhi, nahodha hupigia kampuni simu, kampuni inaniunganisha mimi, nami natafuta daktari, helikopta, gari la wagonjwa na kitanda cha hospitali, vyote vikutane mahali pamoja kabla mtu hajakata roho. Majirani wanadhani nauza bima. Nimewaacha wadhani hivyo, maana nikieleza wananiuliza kwa nini nisihamie Mombasa.

Asubuhi hiyo ilikuwa meli ya mizigo iliyokuwa ikishuka kusini, mbali na pwani yetu. Baharia mmoja alikuwa ameteleza kwenye ngazi akaanguka mpaka chini ya ghala la meli, ubavu wa kushoto ukapiga chuma. Ajali ilitokea jioni iliyotangulia, lakini nahodha aliipata habari asubuhi, kwa sababu majeruhi mwenyewe alisema ni kitu kidogo. Jina lake Kiptum, mtu wa Mauche, juu ya Njoro. Nilicheka kidogo, Mungu anisamehe. Mimi Cheruto pia ni wa Mauche, na kwetu maji mengi tuliyoyajua utotoni ni ya josho la ng'ombe. Huyu alikuwa ameenda kuyatafuta ya bahari.

Nikamwita Daktari Mugure, aliyeko Nairobi, tukaunganishwa na meli. Nahodha na wenzake Kiptum walikuwa wamesimama pale pale wakisikiliza.

"Maumivu yako ni ngapi, kutoka moja mpaka kumi?" daktari akamuuliza.

"Mbili."

"Bega linauma?"

"Hapana."

"Unasikia kizunguzungu?"

"Niko sawa, daktari. Nirudi tu kazini."

Nahodha akachukua simu. Alisema mtu wake ameketi, ameshika kikombe cha chai, presha wamempima iko sawa, na yeye anaendelea na safari. Meli ilipokatika kwenye laini, Mugure alishusha pumzi.

"Cheruto, hii story hainiingii. Mtu anaanguka hivyo halafu ananiambia mbili? Bandama ikipasuka inavuja damu ndani polepole. Unaona mtu ni mzima mpaka dakika anaanguka. Lakini siwezi geuza meli na hisia. Nipatie dalili moja tu."

Na muda haukuwepo. Kufikia adhuhuri meli ingekuwa imepita mahali ambapo helikopta ya pwani inaweza kwenda na kurudi. Baada ya hapo, bandari iliyofuata ilikuwa safari ya siku kadhaa. Kama kweli alikuwa akivuja damu, wangeshusha maiti.

Hapo ndipo hasira ilinipanda, maana nawajua wanaume wa kwetu. Kijana wa Kikalenjin akiingia jandoni anatakiwa kusimama bila kupepesa jicho, na akipepesa, aibu inafika mpaka kwa mama yake. Mengine ya huko siyajui na sitakiwi kuyajua, mimi ni mwanamke. Lakini matokeo yake nayajua vizuri. Baba yangu alishinda akichunga ng'ombe na mguu umevunjika, jioni akatuambia ni mchubuko. Sasa mtu kama huyo umuulize anaumwa kiasi gani, mbele ya wenzake, na wanaomuuliza ni wanawake wawili? Huko ni kutwanga maji kwenye kinu.

Nikampigia mama yake. Hakupiga kelele wala hakulia.

"Mimi hata akikufa njaa ataniambia ameshiba," alisema. "Tafuta Kimaiyo. Ndiye motiriot wake."

Motiriot ni yule mwanamume anayekaa na kijana siku zote za jando, akimuuguza na kumfundisha. Kijana anaweza kubishana na baba yake, lakini si na huyo. Nilimpata Kimaiyo shambani, akivuna ngano kwa kombaini, mngurumo wa injini ukila nusu ya maneno yake.

"Chamgei," akanisalimu. "Wewe ni msichana wa nani?"

"Wa Kirui, Mauche ya juu." Nikamweleza yaliyompata Kiptum.

"Na yeye mwenyewe anasema aje?"

"Anasema yuko sawa."

"Basi yuko sawa." Alisema hivyo kwa fahari, kama mtu aliyesifiwa fahali wake.

Damu ilinichemka. Heshima iliyobaki ilikuwa kidogo sana, lakini niliitumia yote.

"Kimaiyo, sikuulizi mambo ya jandoni. Lakini huyo kijana bado amesimama pale pale ulimwacha. Hakuna mtu amewahi kumwambia aketi. Kama anavuja damu ndani, atakufa akiwa amesimama vizuri kabisa, na mimi nitakupigia tena nikuambie uende kwa mama yake."

Injini ikazimwa. Nikasikia upepo tu.

"Niunganishe na yeye," akasema. "Lakini peke yetu. Na wewe usisikilize."

Kampuni hutaka kila neno lirekodiwe, na mimi nisitoke kwenye laini. Nikazima rekodi. Nahodha nilimwambia kwamba anayepiga ni mchungaji wa Kiptum, anataka kusali naye faraghani. Hakuuliza zaidi, watu wa bahari hawachezi na sala. Akawatoa wenzake, akatoka na yeye. Nikavua hedifoni nikaenda kusimama uani, nikamwangalia jirani akianika shuka. Nilijua kama Kimaiyo ataamua kumsifu kijana kwa ushujaa wake, basi nimemuua mimi.

Simu yangu ilipolia nusura niiangushe.

"Andika," Kimaiyo akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Bega la kushoto linamuuma tangu jana usiku. Hawezi kulala chali. Akisimama macho yanaingia giza. Hiyo chai hajakunywa, ameshika kikombe tu. Ametapika, akaenda kumwaga mwenyewe watu wasione."

Nilimsomea Mugure. Hakuningoja nimalize.

"Hiyo ni bandama. Bega ndiyo dalili nilikuwa nataka. Geuza meli saa hii."

Nahodha, nampa haki yake, hakubishana. Alisema amerudi ndani akamkuta kijana amelala kwa ubavu, amekunja magoti, na alipomuuliza kama yuko sawa, kijana alitikisa kichwa kukataa. Meli ikageuka kuelekea pwani.

Kuanzia hapo nilikuwa mtu mwenye kazi, na mtu mwenye kazi haogopi sana. Nilipata helikopta. Nilipata chumba cha upasuaji, na hospitali ikaanza kutafuta damu ya kumwongezea. Nilimwambia nahodha asimpe chakula wala maji, aondoe kila kitu kinachoweza kupeperuka juu ya sitaha, na kamba ya helikopta ikishuka, mtu asiiguse kabla haijagusa chuma cha meli, maana hushuka na umeme, tena wasiifunge popote. Alinirudishia kila neno kama mtoto wa shule. Alasiri rubani akasema wamempata, amefungwa vizuri, anapumua. Nilimwambia asante mpaka akaniomba nimwachie laini.

Jua lilikuwa limeelekea milima ya Mau hospitali iliponipigia. Bandama walikuwa wameitoa. Tumbo lilikuwa limejaa damu, na daktari wa upasuaji akasema meli ingeendelea na safari, Kiptum asingeiona kesho. Sasa presha iliyokuwa imeshuka imerudi sawa, amefumbua macho, ameuliza yuko wapi.

Niliketi sakafuni. Raha iliyonishika siku hiyo siwezi kuilinganisha na kitu. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Nikampigia mama yake, na safari hii alipiga kelele, vigelegele mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. Kisha nikampigia Kimaiyo. Alipokea kabla haijalia vizuri.

"Ametoka upasuaji," nikasema. "Yuko hai. Atapona."

Nikamsikia akiteremka kwenye kombaini.

"Nilimfundisha kusimama," akasema. "Nilimfundisha vizuri sana. Sikumwambia kuna siku ya kuacha."

"Umemwambia leo."

"Unajua ilibidi nimwambie nini ndio akubali kusema?"

"Sitaki kujua. Ni yenu."

"Hapana, hii si siri ya jandoni. Nilimwambia hata mimi, siku yangu, niliumia."

Halafu nikamsikia, mwanamume mzima wa Mauche, akilia katikati ya shamba la ngano, na mwanamke akimsikia. Hakukata simu wala hakujifanya anakohoa. Nami nikalia naye, kila mtu upande wake wa laini, tukashukuru Mungu.