Foili ya Chapati Kwenye Fyuzi

Friza ilizimika tena, na Moraa akabaki amesimama jikoni kwake Ladywood, huko ughaibuni, akiitazama. Ndani mlikuwa na mboga ya chinsaga aliyoichemsha kwa maziwa na supu ya mifupa ya mbuzi, chakula cha mzazi, maana binti yake Fiona alikuwa karibu kujifungua kule Longbridge, upande wa pili wa jiji. Kilichobaki ni Moraa kuitwa. Kwao Kisii mama mkwe haendi kulala kwa mkwewe bila kuitwa, na simu hiyo haikuwa imekuja.

Shida ilikuwa fyuzi, kile kipande kidogo ndani ya plagi. Mota ya friza ikianza huvuta umeme mwingi kwa mpigo, kisha hutulia. Inataka fyuzi inayochelewa kidogo, ivumilie mvuto ule wa kwanza, ikatike tu mambo yakiharibika kweli. Moraa alikuwa amenunua zile nyekundu za ampea tatu, za taa za mezani. Mota ikiamka, fyuzi inakufa.

Angeweza kuuliza mtu. Lakini Fiona angesema yuko bize, na wa kanisani wangeuliza kwani binti yako yuko wapi. Basi akafanya kama walivyozoea kwao Keroka: akachana foili ya kufungia chapati, akaizungushia fyuzi iliyoungua, akaifunga plagi. Friza ikanguruma. Akajisifu kimoyomoyo, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kumsifu.

Jamani, foili haikatiki, huzidi kupata moto tu. Hapo ndipo inapoua. Kesho yake alirudi kutoka kazini akakuta jikoni kunanuka plastiki, plagi imelainika kama mshumaa, ukuta umebabuka. Akazima swichi kubwa ya nyumba, kisha akaichomoa plagi kwa taulo kavu. Angechelewa basi moja tu, angefungua mlango ule akutane na moto.

Alimpigia Fiona, akamweleza yote, hata foili.

"Mum, you could've died," Fiona alisema. "Si ungeniuliza?"

"Niliona nitakusumbua."

Fiona akasema friza yao ina nafasi, chakula kisiharibike, mumewe Ronald atakuja na gari.

Alichosikia Moraa ni kwamba gari linakuja kumchukua. Akafunga mifuko, akaoga, akavaa koti, akatia kwenye mkoba nguo za kubadilisha na dawa zake za presha.

Ronald hakuzima injini. Alimsalimu macho chini, kama impasavyo mkwe, akapakia mifuko, akafunga buti.

"Ni hizo tu, mama?"

"Ni hizo tu."

Akauona mkoba. "Unatoka? Nikusogeze?"

"Hapana, baba. Naenda hapo dukani tu, kununua plagi."

Gari likaondoka. Na kwa kuwa alishasema dukani, Moraa akatembea mpaka dukani, mkoba begani.