Ardhi Inayotengenezwa

Mpira wa wifi yake Katibu ulikimbia juu ya umande, ukapunguza mwendo, ukaingia ndani ya mstari mweupe na kutulia kwenye nyasi ambazo hakuna aliyezikanyaga tangu msiba. Sote watatu tulisimama. Ukungu ulikuwa bado umeulalia uwanja, na kile kiduara cha nyasi ndefu, chenye vimaua vyeupe nisivyovijua jina, kilionekana kama kitanda kilichotandikwa hewani.

Yarabi, nikasema moyoni, leo ipo kazi.

Katika klabu yetu ya gofu, kanuni za mashindano za hapa kwetu huandikwa na Katibu. Akiwa hayupo tunamwita Mama Kanuni. Ndiye aliyeamua kwamba mpira ukiibwa na kunguru unaweka mwingine bila adhabu, mradi mwenzako naye awe amemwona huyo kunguru. Kanuni zake ni za haki, hakuna anayebisha. Ipo moja tu tuliyoinung'unikia, tena chinichini. Mumewe alianguka karibu na shimo la tisa, asubuhi kama hii, asiinuke tena. Baada ya mazishi Katibu alipaka mstari kuzunguka pale, akabandika ubaoni: ardhi inayotengenezwa, marufuku kuchezea humo, mpira ukiingia uokotwe, udondoshwe nje, bila adhabu. Mashine ya kukata nyasi ikaanza kupita kando. Nasi tukawa tunaopoa mipira yetu kwa kile kikombe chenye mpini mrefu, kile cha kuopolea mipira majini, tumeinama ukingoni kama watu wachotao kisimani. Watu wazima na akili zetu!

Wifi huyu ni dada wa marehemu, mwalimu wa kuogelea, mabega mapana, kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Siku hiyo hakucheka. Alikuwa anaongoza kwa pigo moja, na Kombe la Klabu alilitaka kufa na kupona, maana kaka yake ndiye aliyemfundisha kushika fimbo.

"Uopoe, wifi," Katibu alisema. "Udondoshe nje. Hakuna adhabu."

"Kanuni naijua."

"Basi?"

"Nataka kukuuliza. Umeandika inatengenezwa. Inatengenezwa nini?"

Katibu alitazama ukungu.

"Kaka yangu alifia hapa," wifi akaendelea. "Mimi nilikuwa safarini, nikakuta mmeshazika. Hujanisimulia hata neno moja. Kila nikija nazungushwa, napitishwa pembeni. Leo nacheza humo humo."

"Ukicheza humo nakuandikia mapigo mawili ya adhabu. Kombe limekwenda."

"Na liende." Akachomoa fimbo.

"Wifi, nakuomba." Sauti ya Katibu ilikuwa nyembamba, si ile tuliyoizoea kwenye mikutano. "Nakuomba usiingie."

Mimi ni fundi wa meno. Kutwa nawaambia watu wafungue midomo, na wangu sijui kuufunga. "Samahanini," nikasema, "kanuni inakataza kucheza. Kuingia haijakatazwa."

Wote wawili wakanigeukia. Nikatamani ardhi inimeze, yoyote ile, hata hiyo inayotengenezwa. Lakini midomo ya Katibu ilikuwa ikicheza bila sauti. Alikuwa anajisomea maneno yake mwenyewe: uokotwe, udondoshwe.

"Nani aliwaambia msiingie?" aliuliza polepole, kama mtu aliyeamshwa.

"Hakuna," nikamjibu. "Tulikuona wewe huingii, nasi tukaacha."

Wifi aliilaza fimbo chini, akauvuka mstari. Nyasi zilimfika magotini. Alisimama amefumba macho, suruali ikilowa, na ukungu ukamzunguka mpaka nikahisi yuko mbali sana nasi. Hakuna ndege aliyelia. Katibu alibaki nje, ncha za viatu vyake juu ya ule mstari.

"Kichwa chake kilikuwa upande gani?" wifi aliuliza bila kufumbua macho.

Kisha Katibu akainua mguu, akautua ndani taratibu, kama mtu anayepima maji ya kuoga. Akainua wa pili. Akachuchumaa katikati ya vile vimaua.

"Hapa," alisema. "Miguu kule. Alikuwa anacheka."

"Anacheka?"

"Alipiga hewa, wifi. Fimbo ikapita, mpira ukabaki pale pale unamtazama. Akacheka mpaka akashika magoti. Mimi nikamwambia, hilo ni pigo, linahesabiwa." Akang'oa kimaua kimoja. "Ndilo neno la mwisho alilolisikia kwangu. Si pole, si nakupenda. Linahesabiwa."

Akafunika uso kwa mikono yake yenye glavu moja.

Wifi alifumbua macho, akamtazama. Kilianza tumboni, nikakiona kinapanda: kile kicheko chake kikubwa, huku machozi yakimchuruzika mashavuni. "Kaka yangu na kupiga hewa!" alisema. "Tangu udogo!" Akaketi kwa kishindo kwenye nyasi, akamvuta wifi yake begani. Sikujua tena ni nani anacheka na ni nani analia. Juu ya ukungu vilionekana vichwa viwili tu.

Kundi la nyuma yetu lilifika likipiga kelele kwamba tunachelewesha mashindano. Niliwapungia wapite, nikaweka kidole mdomoni.

"Kuna nini?" mmoja wao aliuliza. "Mpira umepotea?"

"Hapana," nikamwambia. "Wanazungumza."