Nani Ameshika Sauti?

Shamba la mkonge lilipouzwa kwa mwekezaji na ofisi nzima kupewa barua za kuachishwa kazi, Hedwiga Komba aliondoka na ufundi wake wa kupiga chapa tu. Hakurudi Songea alikotoka baba yake. Alihamia mjini Same, akapata kona katika duka la Bwana Erasmo karibu na stendi, duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi. Kulikuwa na kompyuta mbili zilizounganishwa kwa waya. Ya mbele, yenye spika kubwa zilizoelekezwa barabarani, ilikuwa ya Erasmo. Ya nyuma ilikuwa ya Hedwiga.

Mwaka huo, 2001, kila mtu alikuwa anafungua biashara, na kila biashara ilipiga muziki. Erasmo alikuwa na wimbo mmoja. Uliimbwa na kwaya ya kigango chao huko milimani, na solo aliimba yeye mwenyewe. Ulianza saa mbili asubuhi, ukiisha ukajirudia, mpaka wanafunga. Wiki ya tatu Hedwiga alijikuta amemchapia mteja barua yenye kichwa “Yahusu: Aleluya ya Kiwanja”. Alimwomba Erasmo apunguze. Erasmo akamjibu kwa upole kwamba wateja wanaupenda.

Siku moja alipita Rogers, fundi kijana wa Moshi, kubadilisha kibodi. Ndiye aliyewawekea Linux kwenye zile mashine, kwa kuwa ni mfumo wa kuendeshea kompyuta unaogawiwa bure. Hedwiga alimuuliza, kama mtu anayeulizia mvua, kwa nini Erasmo akifungua programu mbili za muziki ile ya pili haisikiki. Rogers, ambaye hakuwa amewahi kuulizwa swali tamu kama hilo, alivuta stuli. Alieleza kwamba ndani ya Linux kadi ya sauti huonekana kama faili. Programu inayotaka kusikika hulifungua faili hilo na kumimina namba zake humo, na kadi huzigeuza kuwa mtikisiko wa spika. Lakini kadi ya aina ile hupokea mmoja tu kwa wakati. Aliyewahi ameshika, na anayefuata huambiwa pana mtu.

“Hata kama aliyeshika amenyamaza tu?” Hedwiga aliuliza.

“Hata akinyamaza mwaka mzima, mama. Na unaweza kushika ukiwa kwenye mashine nyingine, kupitia waya.”

Kesho yake Hedwiga alisubiri Erasmo awashe mashine yake na kwenda kufungua madirisha. Aliingia kwa waya, akalishika lile faili, akamimina kimya humo. Erasmo aliporudi na kubofya wimbo wake, hakikutoka kitu. Alipuliza vumbi kwenye plagi, akatikisa spika, akazima na kuwasha upya. Kila alipowasha, Hedwiga alikuwa ameshawahi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliye katikati ya misa. Kwa siku nne dukani vilisikika vidole tu, na Hedwiga akachapa barua kumi na moja bila kosa.

Siku ya tano Erasmo alimwita Rogers. Kijana aliandika amri moja fupi inayotaja anayelishika faili la sauti. Hedwiga, aliyekuwa amenyoosha shingo, aliona jina lake mwenyewe kwenye kioo. Rogers alikohoa. Alisema tatizo ni msongamano, akaweka programu ya kukaa mlangoni kwa kadi kwenye mashine zote mbili: hiyo ingepokea sauti za wote, ikazichanganya, ikazipeleka pamoja. Hakuna tena ambaye angeshika peke yake.

Hedwiga alijiandaa kwa aleluya. Lakini Erasmo hakupiga wimbo siku hiyo, wala iliyofuata, na kimya hicho kilimtia wasiwasi kuliko solo yenyewe.

Siku ya tatu alikuja Mwalimu Eliakunda, mstaafu, kuchapisha malalamiko ya pensheni yake. Walikuwa wamefika kwenye “kwa unyenyekevu mkubwa” ndipo spika ndogo za Hedwiga zilipopaza solo. Alitafuta programu ya kufunga kwenye mashine yake, hakuiona. Wimbo ulikuwa unaingia kwa waya. Kule mbele Erasmo alikuwa anapanga karatasi, amewapa mgongo, mabega yanamtetemeka.

“Rogers alikuambia,” Hedwiga alisema.

“Jioni ile ile, dada Hedwiga.”

“Na hizi siku mbili?”

“Nilikuwa najifunza.”

Hedwiga alicheka mpaka akavua miwani. Erasmo alisogea, akamuuliza kwa sauti ya chini kama kibaya ni wimbo au yeye. Hedwiga alimwambia ukweli: wimbo ni mzuri, na yeye anaimba vizuri, ila si mara themanini kwa siku. Wakakubaliana asubuhi mara moja na jioni mara moja, na katikati wasikilize redio.

Mwalimu Eliakunda, aliyekuwa amesahauliwa kwenye kiti, aliuliza mwimbaji ni nani. Erasmo alijitaja, kifua mbele.

“Sauti unayo,” alisema mzee, aliyeongoza kwaya ya Kilutheri miaka ishirini. “Lakini unaingia kabla ya wenzako, tena kila ubeti. Hebu rudisha mwanzo.”

Erasmo alirudisha mwanzo. Barua ya pensheni ilikamilika, ikachapishwa, ikakunjwa vizuri, na Hedwiga akakaa nayo mkononi hadi saa kumi, kwa sababu walikuwa bado kwenye ubeti wa pili.