Baba Bado Anakuja

Vumbi lilifika kabla ya jua. Lilikuja kimya, la manjano, likalala juu ya vioo vya magari, juu ya viatu vilivyoachwa mlangoni, juu ya maua ambayo mji mzima wa Daegu ulikuwa umeyangoja tangu theluji. Simu za bweni zima zikalia kwa pamoja: fungeni madirisha, vaeni barakoa, wazee na watoto wasitoke. Madirisha yakafungwa, moja baada ya jingine, pa, pa, pa, yakamfungia nje mgeni asiyetakiwa.

Dirisha moja tu, la ghorofa ya tatu, lilifunguliwa.

Uyanga alipitisha kidole juu ya kizingiti cha dirisha, akakinusa, kisha, Mungu amsamehe, akakilamba. Lilikuwa vumbi la kwao. Wengine walilijua kwa kikohozi. Yeye alilijua kwa ladha. Lilitoka jangwa la Gobi, alikotoka yeye, likavuka China yote bila viza, na yeye viza yake ilimtoa jasho majira mazima ya baridi.

"Wewe! Umepatwa na wazimu?" Mto ulimpiga mgongoni. "Funga hilo dirisha! Mapafu haya nimepewa na mama, sina mengine."

"Samahani, dada Mirim."

"Samahani yako yenyewe ina vumbi."

Mirim ndiye mwenyeji wake chumbani, mkubwa wake kwa mwaka mmoja, msichana mwenye mdomo wa pilipili na moyo wa uji. Tangu muhula uanze ndiye aliyemfundisha Uyanga basi gani la kupanda, kabichi gani ya kununua, na mwalimu gani wa kumkwepa. Uyanga alikuja kwa muhula huo mmoja tu, kusoma historia, kutembea, kuona ya walimwengu. Siku nyingine angelipokea vumbi lile kama salamu.

Lakini vumbi halijinyanyui. Hunyanyuliwa na dhoruba, na dhoruba ile ilikuwa imepita juu ya kichwa cha baba yake.

Juzi mama alipiga simu, upepo ukipiga makofi nyuma ya sauti yake. Kondoo walikuwa wametoroka na upepo, maana kondoo kwenye dhoruba hana akili, anakwenda anakosukumwa. Baba akapanda farasi, akawafuata. "Bado anakuja," mama akasema. Halafu akauliza kama Uyanga anakula vizuri.

Bado anakuja. Kwao hawasemi amepotea. Jambo baya halitajwi, kwa sababu likitajwa husikia jina lake, na likisikia huitika. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Basi Uyanga hakuuliza alichotaka kuuliza. Hakulia, kwa kuwa aliye njiani haliliwi. Alisema anakula vizuri, akakata simu, akaanza kumpigia baba.

Tangu hapo anapiga. Anapiga akiamka, anapiga akipiga mswaki, anapiga mwalimu akigeukia ubao. Baba hapokei. Kuna mwanamke ndani ya simu, mwenye sauti safi isiyojua baridi, asemaye kwamba nambari ile haipatikani kwa sasa. Uyanga alikuwa ameanza kumchukia mwanamke yule kwa dhati.

Na siku ile ya vumbi ilikuwa siku ya ziara ya darasa, kwenda mji wa kale wa Gyeongju. Angeweza kubaki, lakini kubaki ni kutoa sababu, na kutoa sababu ni kutaja. Akavaa barakoa, akapanda basi, akaketi dirishani, simu mkononi.

Huko Gyeongju wafalme wa kale wamelala chini ya vilima walivyojengewa, vilima vya mviringo, laini, vya nyasi zinazokatwa kwa adabu. Watu hutoka mbali kuja kuvitazama. Hula mikate midogo ya maharage matamu, huvua viatu vikiwauma, huulizana ni mfalme gani huyu na ni malkia gani yule. Siku nyingine Uyanga angeona vilima na angefikiria kwao, mahali ambapo nchi nayo hupanda na kushuka taratibu. Siku ile aliona makaburi. Kila alikogeuka, kaburi.

Alijaribu kuhesabu mambo mema. Baba anaijua nyika kama kiganja chake. Lakini kwenye dhoruba hakuna nyika, hakuna kiganja. Baba ana joho la ngozi ya kondoo. Lakini dhoruba ikipita, baridi hushuka nyuma yake. Baba ana farasi mzuri. Lakini farasi yule ni mzee, na magoti ya baba ni mazee kuliko farasi. Kila jema alilolishika lilikuwa na lakini yake, na lakini ndiyo iliyobaki mkononi.

Ewe upepo, umebeba nchi nzima ya watu, chembe kwa chembe, ukaimwaga juu ya mji usiokuomba. Ungeshindwa nini kubeba neno moja?

Kati ya vilima viwili kuna mti wa maua meupe, na watu hupanga foleni kupiga picha chini yake. Zamu ya darasa lao ilipofika, Mwalimu Pyo, mtu mnene mwenye furaha isiyopumzika, aliinua simu yake.

"Uyanga! Vua barakoa, cheka basi! Meno ni yako, hukuazima!"

Wote wakacheka. Uyanga naye akacheka. Picha ikatumwa kwa darasa zima hapo hapo, na sasa dunia ilikuwa na picha ya binti akichekea makaburini, ilhali baba yake hajulikani yuko wapi. Akaenda kusimama nyuma ya kilima, akapiga. Baba hapokei.

Walirudi basi zima limelala, vinywa wazi. Uyanga peke yake alikaa macho, simu imepata moto kiganjani.

Asubuhi iliyofuata anga lilikuwa limesafika, na hilo lilimtisha zaidi. Vumbi lilipokuwepo, angalau kulikuwa na kitu cha kumuunganisha na baba. Sasa hakuna hata hicho.

Ndipo alipokumbuka maziwa. Siku aliyoondoka nyumbani, mama alichota maziwa kwa upawa wa mti, akayarusha mbinguni nyuma ya gari, ili njia iwe nyeupe mbele ya mwanawe. Ndivyo ifanywavyo kwao: anayebaki humrushia anayekwenda. Lakini sasa ni nani amebaki na ni nani amekwenda? Mtoto yuko ugenini na yuko salama, mzazi yuko kwao na hajulikani aliko. Mambo yamepinduka, na Uyanga akaona kwamba zamu ni yake.

Alifungua jokofu. Hakukuwa na maziwa ila kichupa kimoja cha Mirim, maziwa ya ndizi, ya manjano, matamu, yenye harufu ya peremende. Alisimama akikitazama. Mbingu hupokea maziwa ya ndizi? Hakujua, na hakuwa na wa kumuuliza. Lakini maziwa ni maziwa. Akachukua kijiko cha supu, akafungua dirisha, akageukia kaskazini.

Baba, njia yako iwe nyeupe. Akarusha. Baba, njia yako iwe nyeupe. Akarusha. Mara ya tatu aliacha kijiko, akarusha maziwa yote yaliyobaki kichupani, kwa nguvu zote za mtu ambaye hajalala, na maziwa yakapanda, yakang'aa, yakashuka.

"Uwiii! Nani huyo? Nani amenimwagia..." Sauti kutoka chini ya dirisha ikaonja. "Ndizi?"

Alikuwa mama mlezi wa bweni, ambaye wasichana wote humwita mama mdogo. Jana tu alikuwa ametoka saluni kutengenezwa nywele za mawimbi, na bweni zima lililazimika kuzisifu. Ndala zake zikapanda ngazi, chapa, chapa, chapa. Mirim aliamka, akaona dirisha, akaona kichupa.

"Maziwa yangu! Uyanga, umemrushia nani maziwa yangu?"

Mlango ukafunguliwa. Mama mdogo alisimama pale, tone likining'inia kwenye wimbi la mbele. "Nimewalea wasichana wa kila namna. Walevi nimelea, wezi wa taulo nimelea. Wa kuniogesha kwa maziwa ndiyo kwanza! Sema, nimekukosea nini?"

Uyanga alifungua mdomo kusema bado anakuja. Neno hilo halikutoka. Likatoka lile jingine.

"Baba yangu amepotea."

Alijiziba mdomo kwa mikono miwili, lakini neno lilikwisha kutoka na mkono haurudishi neno. Amelitaja. Alilichunga siku zote hizi, akalibeba hadi kwa wafalme na kurudi nalo, na sasa amelitaja kwa sauti, dirisha likiwa wazi. Aliona kwamba kama baba alikuwa hai hadi dakika ile, basi yeye ndiye amemuua. Akaanguka kitandani akalia, kilio kibaya, cha mnyama.

"Tangu lini?" mama mdogo akauliza, taratibu.

"Tangu dhoruba."

"Alikuwa amekula?"

"Sijui. Sijui, mama mdogo."

Mama mdogo akageuka, akashuka. Mirim akaketi kando ya Uyanga, akamfuta uso kwa mkono wa nguo yake ya kulalia. "Na jana ulicheka pale kwenye picha," akasema. "Mwongo wee."

Haukupita muda wakaitwa chini, kwenye chumba cha mama mdogo kilicho mlangoni mwa bweni. Alikuwa amepika wali. Aliupakua kwenye bakuli la shaba, akalifunika, akaliviringisha ndani ya blanketi kama mtoto mchanga, akaliweka pale sakafu inapopata joto.

"Mtu akiwa njiani huwekewa wali wake," alisema. "Mama alimwekea kaka yangu, miaka yote ya jeshi."

"Sasa baba yake atakuja kuula huku?" Mirim akauliza.

"Nyamaza. Anayewekewa chakula hafi njaa." Kisha akamtazama Uyanga. "Bado anakuja huyo. Kaa hapo umngoje."

Wakakaa. Vipindi vya asubuhi vikawapita. Wali ulipopoa, mama mdogo aliurudisha sufuriani, akapakua mwingine wa moto, akafunika tena. Uyanga alikuwa na hofu hata ya kuvuta pumzi kwa nguvu, isije ikasikika huko.

Simu ilipolia, ilikuwa nambari ya mama yake. Uyanga aliitazama, akashindwa kuigusa. Mirim ndiye aliyeipokea, akamwekea sikioni.

Hakukuwa na neno. Kulikuwa na mtu anafyonza chai ya moto, fyuuu, kwa kelele isiyo na aibu. Katika Gobi yote kuna mwanamume mmoja tu anywaye chai hivyo, na mkewe amemgombeza kwa hilo tangu waoane.

"Uyanga?" baba akasema. "Mama yako anasema umepiga simu kama polisi. Kuna tatizo gani huko?"

Alikuwa amelala nyuma ya farasi hadi upepo ulipochoka, simu ikamfia, kisha akapotezwa na vumbi lililobaki hewani hadi kwa watu wa ng'ambo ya mlima, wakamweka hadi miguu ilipopata hisia. Nusu ya kondoo wamekwenda. Aliyasema hayo yote haraka, kama mtu anayetaka kurudi kwenye chai yake.

"Mbona hujibu? Unakula vizuri?"

Mama mdogo hakujua hata neno moja la lugha ile. Aliutazama uso wa Uyanga, akavuta blanketi, akafunua bakuli, akamtia kijiko mkononi.

"Kula," akasema. "Ni wa kwake, na wewe ni wake."

Uyanga akala, simu sikioni, baba akifyonza chai upande wa pili. Wali ulikuwa bado wa moto.