Kesi ya Ukumbini na Jikoni

Nyumbani walimbandika jina la Wakili tangu utotoni, kwa kubishia hata zamu ya kuosha vyombo. Sasa sheria alikuwa anaisomea kweli, na sheria nayo ilikuwa inamkamua jasho.

Jioni ile alipaswa kumpigia mhadhiri simu kabla ofisi haijafungwa. Achukue sheria za ardhi, kama baba alivyokwisha kuutangazia ukoo mzima, au sheria za kimataifa na linganishi, alizozipenda bila kuzielewa? Karo ilikuwa ya baba. Bila neno lake, ndoto ingelala.

"Hiyo linganishi mnalinganisha nini?" baba aliuliza, pasi mkononi, shati mezani.

"Mtu kafia nchi hii, Baba, nyumba ya kurithiwa iko nchi ile. Sheria ya huku inasema kaulizeni kule. Ya kule inasema rudini huku."

"Na marehemu?"

"Anasubiri."

"Na mimi nikalipie kusubiri kwake! Kamuulize mama yako."

Mama alikuwa jikoni akichambua mchele. "Mimi tena? Mwenye neno ni baba yako, mwanangu."

Wakili akarudi ukumbini. "Kasema wewe."

"Nami nimesema yeye!"

Akaenda, akarudi, akaenda tena, hata akasimama mlangoni kama kuku mgeni, hajui anatoka kwa nani wala anakwenda kwa nani. Mbona kizunguzungu hiki anakijua? Si ndicho kilichomtoa kapa darasani juzi? Mhadhiri alisemaje vile? Kwamba ziko nchi, zikirudishiwa kesi, huipokea na kuimaliza kwa sheria zao zenyewe.

"Baba, kesi imerudi kwako. Ikisharudi haitoki. Amua kwa sheria yako."

"Nani kasema?"

"Linganishi."

"Leo umepatikana, Baba Wakili!" mama akacheka huko huko jikoni.

Baba akaduwaa. "Sheria yangu? Kwani mimi nina sheria gani?" Miaka yote alikuwa amezoea kumtupia mkewe mpira. Harufu ya kuungua ndiyo iliyomzindua. Shati lilikuwa na alama ya pasi kifuani. "Haya, kasome hiyo yako! Piga simu upesi, kabla sijakata rufaa kwa shangazi yako."

Akapiga.

"Kwa nini linganishi?" mhadhiri aliuliza.

Wakili akatazama jikoni, akatazama ukumbini. "Hata sijui, Mwalimu. Ila nyumbani tulishaanza zamani."