Tafsiri ya Clifford

Siku ya kwanza ya muhula, mwezi wa Februari, joto likiwa nyuzi thelathini na tisa, Clifford aliingia darasani na skafu nyeusi shingoni. Nilimdharau papo hapo, na mpaka leo sijaona sababu ya kuacha.

Chuo chetu kiko Blacktown, magharibi mwa Sydney, juu ya duka la magodoro. Watu huja pale kusomea diploma ya filamu na utangazaji baada ya mambo mengine kuwashinda. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Siku tatu za wiki niliogesha wazee katika nyumba ya kulelea wazee huko Parramatta, siku zilizobaki nilisoma. Kwetu Machakos mama alikuwa akiwatangazia watu kanisani kwamba binti yake Mbula anasomea uuguzi, nami sikumsahihisha. Mwalimu wetu aliitwa Trevor. Mwaka wa tisini na nane aliongoza tangazo la mashine ya kukata majani, na hatukumaliza wiki bila kusimuliwa habari zake.

Clifford ni wa Nairobi kama ulivyo ugali. Lakini miaka saba ya Sydney ilikuwa imempa Kiingereza cha puani ambacho si cha Nairobi wala cha Sydney, na hakuna aliyejua alikiokota wapi. Alijiita mwongozaji. Hakuwa ameongoza chochote, ila kadi za kugawa alikuwa nazo, zimeandikwa kwa dhahabu.

Trevor alitugawa watatu watatu. Kila kundi litengeneze filamu ya dakika nane kuhusu mtu halisi, alama ziwe za kundi zima. Mimi nikaangukia kwa Clifford. Wa tatu alikuwa Armel, kijana Mrundi wa miaka ishirini na miwili, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kibondo, Tanzania, akaletwa Australia akiwa na miaka minne. Kiswahili alikisikia chote lakini alijibu kwa Kiingereza. Alipenda kazi ya sauti. Angeweza kukaa saa nzima na vipokea sauti masikioni akisikiliza jokofu la chuo likinguruma.

"Mama yako alipitia kambi?" Clifford alimuuliza.

"Ndiyo."

"Basi filamu tunayo."

Jumamosi tulikwenda kwa kina Armel, Auburn. Mama yake, Médiatrice, alitupokea mlangoni akiwa amesuka upya, blauzi ya kijani imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, msimamizi wa zamu katika chumba cha kufulia cha hospitali. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mama Armel." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," na sambusa zikafika mezani kabla hatujakaa.

"Niaje, mathe," Clifford akasema kwa salamu ya vijana wa mitaani, mtu mzima wa miaka thelathini na sita.

Kisha akatazama sebule: makochi ya ngozi, televisheni pana kama mlango, picha ya binti mkubwa amevaa joho la mahafali. Uso ulimshuka kama aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Akafunga mapazia. Akaishusha ile picha ya mahafali na kuigeuza ukutani, katika nyumba ya watu, bila kuomba ruhusa. Halafu akauliza kama kuna ndoo.

"Ndoo ya nini?" Médiatrice akauliza.

"Ya kubeba kichwani, mathe. Tutakupiga picha pale bustanini ukitembea."

"Maji yako bombani, mwanangu. Una kiu?"

Ndoo ikaachwa. Nikawasha kamera, Armel akashika maikrofoni, Clifford akainama mbele kwa sauti ya kitandani kwa mgonjwa. "Tuambie. Ulimpoteza nani?"

"Sikupoteza mtu. Watoto wangu watatu, wote wako. Mume wangu iko kwenye kwaya."

"Lakini njaa? Vita?"

"Njaa ilikuwepo, na vita tulikimbia. Lakini hiyo nimeulizwa na watu wa ofisi mara mia, na wenye wanalia ni wao. Leo nataka nieleze habari ya permis yangu."

"Permis?"

"Leseni ya gari! Armel hakuwaambia?"

Akaanza. Miaka kumi na saba alikuwa akisubiri treni ya alfajiri kwenda kazini, baridi ikimla miguu, mpaka mwaka jana akasema basi, naye atashika usukani. "Nilianguka mara sita," alisema, akainua vidole sita juu. "Sita! Mara ya tano nikapanda juu ya njia ya waenda kwa miguu, nikaenda kusimama kwenye meza ya mkahawa. Mutu anakunywa kahawa yake pale. Akanisalimia! Ule muzungu wa kunipima ameshika mlango, anataka kuruka. Nikamwambia, baba, usiogope, hata Mungu iko humu ndani na hajafunga mkanda."

Akacheka mpaka machozi yakamtiririka, akawa anapiga goti kwa kiganja na kutafuta pumzi. Mimi nilicheka nyuma ya kamera. Armel alificha uso kwenye kiwiko. "Ya saba," akasema akijifuta macho, "ya saba ndiyo nikasimama."

Clifford pekee ndiye hakucheka. Alikuwa akitazama saa.

Tulipofika stesheni alilipuka. "Mama wa kufeli mtihani wa gari! Nani atatoa tuzo kwa upuuzi kama huo?"

Ningeweza kumjibu pale pale. Nilikuwa na majibu mazuri. Nikapanda treni.

Kazi ya kukata na kuunganisha picha ilikuwa yangu. Clifford aliketi nyuma yangu akitafuna ubani. "Toa sauti hapo. Punguza mwendo. Nusu. Tena nusu." Nikafanya. Sijui kama umewahi kuona uso wa mtu anayecheka, umeondolewa sauti na kupunguzwa mwendo: mdomo ulioachama, macho yaliyofumbwa, machozi. Ni uso wa mfiwa kabisa. Niliuona ukigeuka hivyo chini ya vidole vyangu mwenyewe, na nikisema kweli, nilifurahi jinsi nilivyoweza. Juu yake Clifford akaweka zumari alilolitoa mtandaoni, la watu wa milima ya Amerika ya Kusini. Alisema wazungu hawatajua.

Siku mbili kabla ya maonyesho alikuja na filamu iliyokamilika. Alikuwa ameandika mwenyewe tafsiri ya Kiingereza inayopita chini ya picha. Habari ya mkahawa ilikuwa imekatwa. Mtihani ulikuwa umekatwa. Médiatrice alisema, "Nilianguka mara sita," na maandishi yakasema kwamba watoto wake sita walianguka. Aliposema, "Ya saba ndiyo nikasimama," maandishi yakasema ni wa saba tu aliyebaki amesimama, na picha ikahamia kwa Armel akikunja waya za maikrofoni.

"Clifford," nikasema, "hakusema hivi."

"Ni tafsiri ya hisia."

"Ana watoto watatu, na wote wazima!"

"Nani anajua? Watakaosikia Kiswahili mle ukumbini ni sisi tu."

"Na yeye mwenyewe?"

"Mathe hasomi Kiingereza." Akanipigapiga begani. "Tulia. Hii ni alama ya juu, kwako na kwangu."

Muhula uliotangulia nilikuwa nimeanguka somo moja. Nikatulia. Armel sikumpigia simu. Nilijiambia kwamba si kazi yangu kumvuruga kijana, na sentensi hiyo nimeirudia kichwani mara nyingi tangu hapo, haijawahi kusimama kwa miguu yake.

Maonyesho yalikuwa Alhamisi jioni. Watu kama sitini, jibini imekatwa vipande mezani, Trevor amevaa koti. Médiatrice alikuja moja kwa moja kutoka zamu, akaketi mstari wa mbele kati ya Armel na mimi, akaninong'oneza kwamba viatu vinamuumiza.

Filamu ikaanza. Mwanzoni aliitazama blauzi yake ya kijani kwenye skrini kubwa, akatabasamu. Kisha nikaona midomo yake inacheza. Alikuwa anasoma. Huyu ndiye mwanamke ambaye kwa ajili ya ile leseni alikisoma kitabu cha sheria za barabarani, cha Kiingereza, mpaka jalada likachanika. Tabasamu lilififia polepole. Upande wake wa pili Armel aliacha kabisa kujongea. Nyuma yetu watu walikuwa wakivuta makamasi.

Taa zilipowashwa ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi. Clifford alipanda jukwaani akiwa ameweka mkono kifuani, ameinamisha kichwa kama aliyebebeshwa msiba wa bara zima. Trevor, macho mekundu, akauliza kama kuna maswali. Médiatrice akanyoosha mkono. Makofi yakaanza upya. Mtu alisema huyu ni mama jasiri.

Alisimama. "Mbula," akaniambia kwa Kiswahili, "nitafsirie. Usipunguze, usiongeze."

Nikasimama, nikawageukia watu.

"Clifford, hao watoto wangu sita umewazika wapi?"

Nikatafsiri. Bibi mmoja akashika kifua. Nadhani alidhani ni shairi.

"Mimi nilizaa watatu. Mmoja ndiye huyu, na hajala tangu asubuhi. Nilianguka mtihani wa gari. Wa gari! Pale nilikuwa nacheka. Nikicheka machozi yanatoka, hata mama yangu alikuwa hivyo. Wewe umechukua kicheko changu umefanyia matanga. Umewalilia watoto wangu nao wako hai. Kwetu hiyo si filamu, ni kumuombea mutu kifo."

Nilitafsiri kila neno. Clifford alikohoa, akasema kwa Kiingereza chake kwamba ukweli una tabaka nyingi, na kwamba msanii husikia kile ambacho mhusika mwenyewe hawezi kukisema. Huko nyuma mtu mmoja akacheka. Trevor alisimama haraka, akashukuru kwa mjadala mzito kuhusu maana ya ukweli, akawakumbusha watu kwamba jibini bado ipo. Nao wakaenda kula. Wale wale waliokuwa wakilia dakika tano nyuma walipita mbele ya Médiatrice na visahani mkononi wakimkwepa macho, kana kwamba kosa lake ni kutofiwa.

Nilimfuata mpaka kwenye maegesho. Armel alikuwa ameshaingia garini.

"Wewe ndiye ulikata zile picha?" akaniuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Na maandishi uliyaona?"

"Niliyaona juzi."

Sauti yake haikupanda. "Yule ni mpumbavu. Mpumbavu anajulikana, mutu anamzunguka anapita. Lakini wewe ulinisikia. Ulicheka pamoja na mimi." Akaingia garini, akafunga mlango.

Sikulala vizuri wiki ile. Jumatatu niliandikia chuo barua: filamu iondolewe, ni ya uongo, na mimi nilijua kabla haijaonyeshwa. Filamu iliondolewa. Halafu chuo, ambacho kina utaratibu kwa kila kitu, kikafuata utaratibu. Mimi niliyekiri kwa maandishi nilifelishwa somo. Clifford aliruhusiwa kuandika insha ya maneno elfu mbili kuhusu uchungu wa msanii kati ya lugha mbili, akapata alama za juu, na Trevor akalisomea darasa zima aya ya kwanza. Sasa Clifford hupiga video za harusi huku magharibi ya jiji. Biashara haimwendei vibaya. Watu wa aina yake mvua haiwaloweshi. Armel alipewa alama zake peke yake, za sauti, nzuri sana, na akahamia kundi jingine.

Mara mbili nilikwenda Auburn kuomba radhi. Mara ya kwanza mlango haukufunguliwa, ingawa gari lilikuwepo. Mara ya pili Médiatrice alitoka mwenyewe akiwa na aproni, akasimama kizingitini. Nilimpa kifaa kidogo chenye video ya mazungumzo yote ya siku ile, dakika arobaini, sauti na mwendo wake halisi. Nilimweleza kwamba hakuna nakala nyingine. Alikipokea kwa mkono mmoja, akasema, "Haya," akarudi ndani.

Mwaka huu narudia somo lile lile pamoja na wanafunzi wapya. Wiki iliyopita nilikutana na Armel ngazini, amebeba mkoba wa maikrofoni. Aliniambia, kwa Kiswahili, mara ya kwanza tangu nimjue, kwamba Jumapili baada ya ibada mama yake hukaa na wanawake wa kanisani wakiitazama ile video, na kwamba majirani wamelalamika kwa kelele za kicheko.

"Amenisamehe?" nikauliza.

Akauhamishia mkoba bega jingine. "Sijui. Hajawahi kukutaja."

Akapanda ngazi kwenda darasani kwake.